Iringa: hosteli ya chuo au gheto mtaani? Naomba ushauri wa haraka

Mjomba Tandika
Wakuu, salaam. Mdogo wangu amechaguliwa chuo Iringa, anaripoti karibuni na mlipaji ni mimi. Nipo Dar, Iringa nimepita tu kwenye basi nikienda Songea. Naomba waliosoma huko waniambie kipi kina nafuu:

1. Hosteli ya chuo
2. Hosteli ya mtu binafsi nje ya chuo
3. Apangishiwe chumba ajitegemee, yaani gheto

Kodi ya miezi sita ninayo mkononi. Dalali ananipigia kila saa, anasema kuna mtu mwingine anakitaka chumba hichohicho. Nahitaji jibu leo leo.

Kamwene
Mkuu unasema "chuo Iringa" kana kwamba kipo kimoja. Kuna Mkwawa, kuna RUCU, kuna University of Iringa ambayo wengi bado tunaiita Tumaini, na vyuo vya kati sijavitaja. Kila kimoja kina upande wake wa mji. Chumba anachokusifia dalali kinaweza kuwa mlangoni pa chuo cha watu wengine kabisa. Taja chuo kwanza.

Bumu Halitoshi
Na mkopo amepata au hajapata? Anaanza mwaka wa kwanza au anahamia? Hapo kwenye mkopo ndipo hesabu yote ilipo.

Chips Kavu
Gheto. Uzi ufungwe.

Mjomba Tandika
Samahani wakuu, niliandika nikiwa kwenye daladala. Ni Mkwawa, ualimu wa sayansi, mwaka wa kwanza. Mkopo amepata, asilimia sikumbuki.

Bumu Halitoshi
"Asilimia sikumbuki" na wewe ndiye mlipaji? Mwambie aingie kwenye akaunti yake ya SIPA ya Bodi ya Mikopo aone mchanganuo wote: ada kiasi gani, chakula na malazi kiasi gani. Bumu, yaani hela ya mkopo ya chakula na malazi, kwa anayepata kamili ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, sisi tulikula kwa 8,500. Linakuja kwa mafungu ya siku 60 hivi, kwa hiyo akisaini anapokea 600,000. Ukisikia 600,000 unaona nyingi. Sasa toa kodi ya miezi sita, toa hela ya dalali ambayo ni kodi ya mwezi mzima, toa godoro, jiko, mtungi wa gesi, ndoo, pazia. Fungu la kwanza limeisha hata testi ya kwanza hajafanya. Na fungu la kwanza lenyewe huwa halimsubiri mtu getini, anaweza kukaa wiki kadhaa akila kwa hela yako.

Chips Kavu
Ndiyo maana nasema gheto. Kodi analipa kaka, bumu linabaki lote la kula. Gheto anapika. Kilo ya mchele wa Pawaga, maharage, figili ya kununua jioni sokoni zinapoanza kushuka bei, watu wawili wanakula siku mbili. Hosteli ukikutwa na rice cooker imeondoka nayo hiyo, na barua ya onyo juu. Kila mlo ni hela: asubuhi chai na chapati, mchana wali, usiku tena. Pigeni hesabu.

Kitonga
Chips Kavu wewe wa kupika na jina hilo?

Chips Kavu
Jina nilipewa na rumeti, hadithi ndefu.

Dada Semtema
Kabla hujatuma hela kwa dalali soma hii yote, nimeandika kwa urefu makusudi.

Mwaka wa pili nilihama hosteli nikapanga. Chumba kizuri haswa, vigae chini, dirisha kubwa, chuo nakwenda kwa miguu. Tulikuwa wapangaji watano, wanafunzi watupu, na mita moja ya Luku. Mwenye nyumba anaishi nyumba ya mbele kwenye ua huohuo, kwa mita hiyohiyo. Utaratibu aliotupa: kila chumba elfu tano ikiisha, yeye "atajazia".

Barazani ana friza mbili. Anauza barafu na juisi za pakiti kwa watoto wa shule. Tukimwambia mama, umeme unaisha haraka, anasema friza hazili umeme ila pasi zenu ndizo zinazokula. Mwenzetu mmoja wa fizikia akaanza kusoma mita kila asubuhi na kila usiku, anaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa korido: tarehe, uniti zilizobaki, nani yupo ndani. Wikiendi moja wote tulisafiri kwenda msibani, tumezima kila kitu, tuliporudi uniti zimeshuka vilevile. Tukamwita mama aje aone. Alitazama ule mlango muda mrefu, halafu akatuambia tumechafua mlango wake na tutanunua rangi.

Wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, umeme ukakatika usiku, kesho yake nina pepa. Wawili simu hazipatikani. Mmoja anasema yeye anatumia taa tu, hawezi kuchanga sawa na mwenye laptopu. Nikanunua mwenyewe wa elfu kumi, zikaja uniti kama 28, nikaingiza zile namba ishirini kwa tochi ya simu. Siku ya nne mita ikaanza kulia tena. Pepa mbili za mwisho nilisomea kwenye vimbweta, yale meza na mabenchi ya nje chuoni, nimejifunika blanketi, na mwezi ulikuwa Julai. Waliokaa Iringa wanaijua Julai.

Nilipodai salio la kodi ili nihame niliambiwa hela ikishaingia haitoki. Mkataba wetu ulikuwa karatasi ya daftari, haisemi chochote kuhusu umeme.

Kwa hiyo swali la kumuuliza dalali siyo bei. Muulize mita ni ya nani, na kisima au bomba lipo ndani ya ua au mnafuata maji kwa jirani.

Bumu Halitoshi
Dada pole. Ule mlango ungeupiga picha.

Kitonga
Mimi nawaonea huruma mnaosema Julai ya Iringa ni baridi. Njoo Makete. Njoo hata Mafinga tu asubuhi ya Juni uone bodaboda wanavyovaa. Iringa mjini ni ubaridi wa kuvaa sweta moja.

Kamwene
Sweta moja na umetoka Dar? Mgeni wa pwani wiki ya kwanza anaoga mara moja kwa siku mbili, tusidanganyane. Mjomba, mnunulie mdogo wako blanketi zito hukohuko Dar kama utalipata, au afike anunue mitumba Mlandege. Na thermosi ya chai.

Dada Semtema
Turudi kwenye mada jamani.

Mzee wa Form Six
Ngojeni niongeze kidogo. Mkwawa mimi nilisoma Form Five na Six kabla haijawa chuo. Majengo yale ya matofali yalijengwa na Waingereza kwa ajili ya watoto wa wazungu, shule ikiitwa St Michael's and St George's. Baada ya uhuru ndipo ikawa Mkwawa. Mwaka 2005 ikageuzwa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), mwaka uleule na DUCE, kishiriki mwenzake cha elimu kule Chang'ombe, Dar. Viwanja vya michezo vile vikubwa na miti ile mirefu ni urithi wa enzi hizo. Kwa nafasi ya kupumua, hakuna chuo cha mjini Dar kinachoifikia.

Chips Kavu
Mzee miti hailali watu. Vitanda vipo?

Mzee wa Form Six
Enzi zetu vilikuwepo. Sasa idadi imeongezeka, waulizwe waliopo.

Mlimani Damu
Chuo kishiriki hicho, siyo UDSM yenyewe. Tusichanganye.

Kamwene
Cheti kinaandikwa University of Dar es Salaam, mkuu. Tofauti yake na wewe ni kwamba yeye hakubebana na mtu kitanda kimoja cha futi mbili na nusu miaka mitatu.

Mlimani Damu
Kubebana ni sehemu ya elimu. Na maktaba yetu mpya unaijua?

Kamwene
Naijua, ile iliyojengwa na Wachina. Ukiwahi kiti nitumie picha.

Bumu Halitoshi
Jamani mwenye uzi yuko wapi? Mjomba, swali moja ambalo hatujauliza. Mdogo wako ni wa kike au wa kiume?

Mjomba Tandika
Wa kike. Ana miaka 19. Ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nyumbani, sekondari alisoma ya kutwa.

Bumu Halitoshi
Subhanallah. Kurasa mbili tumeandika na hilo umelikalia!

Dada Semtema
Basi mimi nimemaliza. Hosteli ya chuo, mwaka wa kwanza wote. Usimuweke binti wa miaka 19 asiyejua mtu kwenye chumba ulichokiona kwa picha za WhatsApp. Vipindi vingine vinaisha giza limeingia, diskasheni inaisha saa nne usiku, hiyo njia ya kurudi mtaani anapita na nani? Akifika mwaka wa pili ana marafiki, anajua mitaa, watatafuta nyumba wenyewe watatu wanne, mita yao.

Chips Kavu
Hapa nabadilika kidogo. Lakini na hosteli nazo, vitanda vya dabo deka, chumba kimoja watu kibao, huyu anasali saa kumi usiku, yule anaongea na mpenzi mpaka saa nane. Kwa aliyezoea chumba chake nyumbani ni mtihani mwingine.

Kitonga
Nani Tandika ana chumba chake nyumbani? Hahaha.

Mjomba Tandika
Analala na bibi na watoto wa dada. Hosteli atapumzika huko.

Mwalimu wa TP
Kuna jambo hamjaligusa. Huyu ni wa ualimu. Mwisho wa mwaka wa kwanza anakwenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha, atapangiwa shule huenda mkoa mwingine kabisa, karibu miezi miwili. Halafu likizo. Ukiwa na gheto unalipia miezi ambayo ndani kuna panya tu, na ukikiachia, vitu utavihifadhi wapi? Hosteli unalipa kwa mwaka wa masomo, unafunga sanduku unaondoka. Mimi nilibeba jiko la gesi mpaka kituo cha TP kwa sababu mwenye nyumba alitaka chumba chake.

Dalali Mwaminifu
Habari zenu. Nina vyumba single na master karibu na Mkwawa, Don Bosco na Kihesa, maji ndani, mita kila mtu yake, mazingira tulivu. Njoo inboksi. Kuona chumba elfu kumi tu.

Dada Semtema
Elfu kumi ya kuona. Ya kufumba macho ni bei gani?

Mjomba Tandika
Wakuu, huyu namba yake ya inboksi ndiyo ileile inayonipigia!

Kamwene
Nilijua tu. Mjomba, kata simu hiyo. Mwambie binti aombe hosteli mapema kwenye mfumo wa chuo akishapata namba ya usajili, asingoje afike. Nafasi hazitoshi wote. Siku ya safari achague basi la alfajiri ili afike mchana, basi linashusha stendi ya Igumbilo, siyo katikati ya mji kama zamani, na kutoka pale mpaka Mkwawa na mabegi ni bajaji. Usiku bei wanakupangia wao.

Mwalimu wa TP
Na 50,400 ya bima ya NHIF asiipuuze. Wa mwaka wa kwanza huiona ni hela ya bure mpaka homa imkute wiki ya testi.

Mjomba Tandika
Sawa. Na akikosa hosteli ya chuo? Ile namba mbili yangu, hosteli ya mtu binafsi, hakuna aliyeigusa.

Bumu Halitoshi
Inategemea na mwenye nayo. Kuna ambazo ni nyumba ya familia wameweka vitanda sebuleni wakaandika hosteli kwenye geti. Nyingine nzuri, mlezi yupo, geti linafungwa kwa muda unaojulikana. Hesabu vyoo. Usihesabu vitanda, hesabu vyoo.

Chips Kavu
Za watawa ziko vizuri ila saa mbili usiku uwe ndani.

Dada Semtema
Saa mbili ndiyo diskasheni zinaanza.

Chips Kavu
Si asome mchana?

Mlimani Damu
Mchana kuna vipindi, praktiko za kemia zinakwenda mpaka jioni. Wewe ulisoma nini kwani?

Chips Kavu
Sheria. Na siyo Mkwawa.

Kitonga
Muda wote huu unampa mtu ushauri wa Mkwawa!

Chips Kavu
Gheto ni gheto popote. Tena nimekumbuka, nina godoro la futi tatu na nusu kwa sita, unene inchi sita, nimelalia muhula mmoja tu. Mjomba, akikosa hosteli nitamuuzia.

Mwalimu wa TP
Lipo mji gani hilo godoro?

Chips Kavu
Mbeya.

Mjomba Tandika
Nauli ya kulileta Iringa ni kiasi gani?