Naomba ushauri: mkutanoni wote wanakubali kilimo hai, shambani hawaanzi

Mwenyekiti wa Kikundi (Rungwe)

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima 64 wilayani Rungwe, si mbali na Tukuyu. Wengi wetu tuna parachichi aina ya Hass, migomba na kahawa kidogo kuzunguka nyumba, kisha tunapanda mahindi na viazi mviringo huko juu, upande wa Uporoto. Mwaka jana alifika mnunuzi aliyetaka parachichi za kilimo hai, yaani zisizowekewa mbolea wala dawa za kiwandani, nasi tukaitisha mkutano. Mikono yote 64 ilinyooshwa. Leo, msimu mzima umepita, walioandikisha mashamba yao ni 9 tu, na wawili kati ya hao nimewakuta na bomba la kupulizia dawa mgongoni.

Nimemleta bwana shamba, tumetengeneza mboji ya mfano nyumbani kwangu, na kila mara najibiwa, "Mwenyekiti, tumeelewa." Ninaanza kujiuliza kama kweli kinachokosekana ni elimu, au kuna jambo ambalo wenzangu wanaona haya kunieleza. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii, hasa kuhusu nifanye nini kabla ya msimu wa kupanda.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwenyekiti, nilifanya kazi ya ugani katika nyanda hizi kwa miaka mingi, na ninashuku kwamba elimu ilitosha tangu siku ya pili. Fanya kwanza hesabu ambayo wanakikundi wako wameshaifanya kimyakimya. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Samadi iliyotunzwa vizuri, tuseme yenye naitrojeni ya asilimia 1, itakulazimu kupeleka shambani kilo 2,300 ili ufikie kiasi hicho hicho, na hata hapo mahindi hayataipata yote msimu wa kwanza kwa kuwa samadi huachia chakula chake polepole. Mfuko hupanda na bodaboda. Hizo kilo 2,300 zitapanda kichwani mwa nani? Kwa niliyoyaona, ni mwa mama na watoto, ambao mkutanoni huenda hawakuulizwa. Ongeza kwamba ruzuku ya mbolea ilizinduliwa papo hapo Mbeya, kwenye Nane Nane ya Agosti 2022, na kumpunguzia mkulima bei ya mfuko, nawe utaona kwamba anayesita anajua anachokifanya.

Kwa hiyo tenganisheni mazao. Parachichi na kahawa za nyumbani tayari zinapata samadi ya ng'ombe wa zizini na masalia ya migomba, hivyo hapo safari ni fupi. Mahindi na viazi vya mbali viacheni kwanza, ila mwulizeni mapema mkaguzi wa kilimo hai, kwa maana viwango vinavyoruhusu sehemu ya shamba kubaki ya kawaida hudai mazao yawe tofauti na mipaka ionekane wazi. Siku mtakapofika kwenye mahindi, kumbukeni kwamba udongo wenye asidi huishika fosforasi, na kwamba fosfeti ya Minjingu, yaani mwamba wenye fosforasi, iliyosagwa tu inakubalika katika kilimo hai na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wa namna hiyo. Iliyochanganywa na naitrojeni ya kiwandani haikubaliki, basi someni mfuko kabla ya kulipa.

Mlima Viazi (Isongole)

Mwenyekiti, mimi si mwanakikundi wako, lakini ni mmoja wa wale wanaonyoosha mkono na kisha wasianze, kwa hiyo niruhusu niseme lile wanaloona haya kulisema. Ekari mbili ninazopanda viazi ni za kukodi, tena kwa mwaka mmoja mmoja. Miaka mitatu iliyopita nilipeleka samadi katika shamba moja, nikalima kwa kukinga mteremko, udongo ukarudi kuwa mweusi, na mwenye shamba alipouona akalichukua alime mwenyewe. Nani atarudia kumnonesha ng'ombe wa mwenzake? Uliza katika kikundi chako ni wangapi wanaolima mahali pa kukodi, na usiwaulize mkutanoni.

Kuhusu viazi vyenyewe, ukungu ule tunaouita baka jani chelewa, ukikutana na baridi na manyunyu ya huku, unaweza kumaliza shamba zima kwa muda wa siku kumi. Dawa za shaba zinaruhusiwa katika kilimo hai, lakini zina kikomo. Kwa soko la Ulaya ni kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba, nami sioni kama zitanitosha kwa mvua zetu.

Mnjombe

Kamwene. Namwunga mkono ndugu wa Isongole kuhusu viazi, ila nina nyongeza kwa upande wa mafunzo. Mwezeshaji mmoja alikuja kwetu akatufundisha kupulizia mwarobaini, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mti huo haupendi baridi na kijijini hatuna hata mmoja. Watu walipiga makofi wakaenda nyumbani. Tuna mmea wa utupa wa kuulia wadudu unaoota kwenye mipaka, tuna pareto, tuna alizeti pori kila kando ya barabara ambayo majani yake ni mbolea nzuri, na tuna marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, ambayo Wabenediktini wa Peramiho waliieneza tangu zamani. Anzeni na vile ambavyo wazee walivitumia, halafu mwoneshe mtu mmoja aliyevuna. Pia andikeni majirani wanaopakana na walioandikishwa, kwa sababu upepo hauheshimu mpaka, na dawa ya jirani ikikutwa kwenye tunda lako, utakayeulizwa ni wewe.

Mama Kakao (Kyela)

Ndaga, mwenyekiti. Kabla hujamwandikisha mtu wa kumi, uliza cheti cha kilimo hai kitakuwa mali ya nani. Sisi tuliandikishwa na mnunuzi mmoja nisiyependa kumtaja, tukakaguliwa, tukafuata masharti yote, na cheti kikatoka kwa jina lake. Mwaka ambao hakununua, kakao yetu iliuzwa kama ya mtu mwingine yeyote. Kanuni mpya za Umoja wa Ulaya zinadai kikundi kiwe chombo chenye usajili wake wa kisheria, kisizidi wanachama 2,000, basi jisajilini na mshike cheti wenyewe. Tena kwa miti ya kudumu kama parachichi, soko hilo linataka miaka mitatu ya mpito kabla ya kuvuna tunda la kuuzwa kama la kilimo hai. Je, mnunuzi wako amesema atalipa bei gani katika miaka hiyo mitatu?

Mwenyekiti wa Kikundi (Rungwe)

Nawashukuru sana. Nakiri kwamba sikuwahi kuuliza habari za mashamba ya kukodi, ingawa mimi mwenyewe nimemkodisha kijana mmoja wa kikundi ekari moja, na sasa naelewa kwa nini ananikwepa macho tunapozungumzia mboji. Jumamosi nitawapitia nyumba kwa nyumba, nikianza na kina mama, niandike kila mtu ana ekari ngapi zake na ngapi za kukodi, na kazi ya samadi inafanywa na nani. Tutaandikisha parachichi za nyumbani peke yake. Kijana wangu nitamwandikia mkataba wa miaka mitano.

Mama wa Kyela, bei ya miaka ya mpito mnunuzi hakuitaja, nami sikumwuliza. Ninyi mliwezaje kuvuka miaka hiyo?

Mama Kakao (Kyela)

Kwa kakao tulivuka kwa urahisi, baba, kwa sababu wengi hatukuwa tukiweka dawa wala mbolea ya dukani tangu mwanzo, na ushahidi wa hilo ulisaidia miaka iliyopita ihesabiwe kuwa ya mpito. Kwa hiyo Jumamosi, unapoandika ekari, andika pia ni lini kila mti ulipuliziwa dawa kwa mara ya mwisho, na ni dawa gani.