Tupeane uzoefu: ulitoka kazi gani ukaingia uuguzi?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Wandugu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na kokote mliko, nawasalimu. Nafungua mada hii kwa sababu watu wananifuata pembeni na swali lilelile: "Mama, nina diploma ya kitu kingine kabisa, nina watoto, naweza kweli kuanza uuguzi?" Mimi najua njia yangu tu. Waliopita njia nyingine waje waseme, hata walioanza wakaacha.

Naanza mwenyewe. Nilisoma historia ISP (chuo cha ualimu), nikafundisha sekondari kwa miaka. Kilichonigeuza ni kumuuguza mama mzazi. Mnajua hospitali zetu: mgonjwa anaoshwa na kulishwa na watu wake, na usiku muuguzi mmoja anabaki na wodi nzima. Ukilaza mtu wako, na wewe umeingia kazini. Nikawa nauliza kila kitu. Kwa nini serumu hii, maji ya mshipani, inadondoka polepole na ile mbio? Kwa nini mnataka nimgeuze ubavu kila baada ya muda? Kumbe mgonjwa asiyegeuzwa anaota vidonda kiunoni na kwenye visigino, na vidonda hivyo vinaweza kumuua wakati ugonjwa uliomleta umekwisha kupona. Nilikuwa na lisanse (digrii ya chuo) na sikuwahi kusikia jambo hilo. Mama aliporudi nyumbani, nikaenda kujiandikisha ISTM, chuo cha uuguzi na kazi nyingine za tiba.

Sasa niseme ninaloliamini. Watu wazima wanaogopa umri, na umri sio shida. Kichwa cha mtu mzima kinashika anatomia kama cha kijana, ila kinataka kurudia zaidi. Kinachowatoa watu wazima shuleni ni staji, yale mazoezi ya kazi hospitalini. Haina mshahara, lakini inataka nauli kila siku, bluzi nyeupe, viatu, mara nyingine hata glovu unanunua mwenyewe. Unafika asubuhi na mapema, wiki nyingine unaingia zamu ya usiku, na kazi yako ya zamani haiwezi kukungoja. Nimewaona wenzangu wenye akili kunizidi wakiachia hapo. Kwa hiyo kabla hujauliza minervali (ada ya shule) ni ngapi, uliza hivi: miezi ya staji, nani atalisha nyumba yangu? Ukiwa na jibu, njoo. Ukikosa jibu, litafute kwanza, shule haihami.

Ualimu haukupotea. Siku za wajawazito, naongea na kina mama kuhusu dalili za hatari: damu kutoka, maji kuvuja, kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni. Sijawahi kuwauliza "mmeelewa?" maana darasa lote huitikia ndiyo. Namwomba mmoja anieleze mimi kana kwamba ni wifi yake ninayekaa mbali. Akisahau la macho, narudia hapohapo.

Haya, zamu yenu.

Ndosho (Goma)

Asante Dada Mwalimu. Mimi nilikuwa keshia. Benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, nilikaa nikingoja zifunguke. Baadaye nikasema nitangoja huku nasoma. Niko mwaka wa kwanza.

Jibu la swali lako kwangu ni mke wangu. Anauza vitenge Birere, na tulikaa chini tukaandika karatasini nani analipa nini mpaka nimalize. Bila karatasi ile nisingeanza.

Hesabu ndiyo inanibeba. Mwalimu aliandika ubaoni: serumu ya mililita 500 ipite kwa saa 8, matone mangapi kwa dakika? Mrija wa kawaida unatoa matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo ni matone 10,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: 21 hivi kwa dakika. Vijana wengi wa promosio yetu (darasa letu) wanaijua kanuni kwa moyo, lakini ukibadilisha saa 8 kuwa saa 6 wanapotea.

Lingine ni dawa ya malaria kali, artesunate. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 ni 2.4. Mtoto wa kilo 15 basi ni miligramu 45. Ukimhesabia kwa kipimo cha wakubwa utampa 36, na hutaona kosa lolote kwa macho, sindano itaonekana sawa tu. Benki hakuna pesa nyingi inayotoka kwa mkono mmoja. Nimeshika desturi ileile: nahesabu, halafu namwita mwenzangu ahesabu bila kuliona jibu langu.

Anatomia bado inanipiga.

Mama Nguba (Bukavu)

Nitasema upande ambao watu hawapendi kuusema. Mimi nilianza nikaacha, na niliacha nikiwa na akili zangu timamu. Nilitoka sheria. Masomo ya darasani niliyapita vizuri. Staji ilipofika nilikuwa na mtoto wa kunyonya, mume yuko safari za Kamituga, na mkwe wangu ambaye angenisaidia aliugua. Nikaweka yote kwenye mizani, nikaona watoto wangu watalipa bei ya diploma yangu. Nikarudi kwenye sheria.

Ndugu wa mume walisema nimeshindwa. Sikushindwa. Mwalimu ameeleza vizuri: jibu sikuwa nalo, na hakuna aliyenionya nilitafute mapema. Wanaotangaza shule wanataja ada na bluzi, basi.

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mama Nguba, asante kwa moyo wote. Ushuhuda wako utamsaidia mtu kuliko wangu.

Majengo (Goma)

Salamu kwenu. Mimi ni mtoto wa sosiolojia. Ebola ilipotangazwa Nord-Kivu tarehe 1 Agosti 2018, nilichukuliwa kwenye kazi ya uhamasishaji, halafu nikafuatilia watu waliogusana na wagonjwa. Kila mmoja anafuatwa siku 21, kila siku unamfikia, unapima joto, unauliza kama ametapika, kama kichwa kinauma. Julai 2019 ugonjwa ukaingia Goma kwenyewe na hofu ikaongezeka mara mia.

Kazi yangu ilikuwa kuongea. Lakini mama anakufungulia mlango, umekaa kwake, mtoto yuko kwenye mkeka anawaka homa, anakuuliza: "Huyu nimfanyie nini?" Mimi nilikuwa na karatasi ya joto na namba ya simu ya timu. Kweli namba ilisaidia, timu ilikuja. Hata hivyo nilikuwa natoka mlangoni kila mara nikijua kwamba sijamjibu. Watu walitupiga mawe sehemu nyingine, na nilikuwa nawaelewa: kila gari linalosimama linauliza juu ya Ebola, wakati mtoto wao anakufa kwa malaria na kuhara, magonjwa waliyoyajua kabla hatujafika.

Epidemia ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, mikataba ikaisha. Wengi wetu tulikuwa tumezoea pesa ya riposti (kazi ya kupambana na Ebola), na ilikuwa nzuri kweli kwa kipimo cha hapa. Wengine walijenga, wengine walinunua pikipiki. Mimi yangu niliiweka yote kwa ajili ya staji. Kaka yangu mkubwa alisema ni wazimu kuacha kutafuta shirika lingine. Leo mashirika mengi yamefunga au yamepunguza watu, na ananiuliza kuhusu shule kwa ajili ya binti yake.

Nikiwa muuguzi nimefanya kazi kwenye kipindupindu. Nataka wenye kusita wajue hisia hii. Anafika mtu mzima wa kilo 60, macho yameingia ndani, mkono hauna mapigo unayoweza kuyashika, amebebwa mgongoni. Kwa hali hiyo ni mililita 100 za serumu ya Ringer kwa kila kilo, yaani lita 6 kwa saa 3: sehemu ya kwanza, mililita 30 kwa kilo, ndani ya nusu saa, zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Unatafuta mshipa ambao umejificha, unaukosa, unatafuta mkono wa pili. Ukiupata, ndani ya zamu yako hiyohiyo anafungua macho na anaomba maji ya kunywa. Yule mama mwenye mtoto mkekani, leo ningeketi kwake na kumjibu.

Kijana wa Katuba (Lubumbashi)

Bakubwa, jambo yenu. Sisi huku tuna hadithi ya mgodi. Baba yangu alikuwa kati ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walioondoka kwa ile "départ volontaire" (kuacha kazi kwa hiari) ya 2003. Alinilea akisema nisitegemee kampuni, nitegemee ufundi. Nikajifunza umeme, na kampuni ikanichukua hivyohivyo.

Kazini tuliona ajali za umeme. Mwenzetu mmoja alipigwa, akaamka, akasema yuko mzima, alama yake ndogo tu kwenye kidole. Muuguzi wa zahanati akakataa asirudi kazini. Akaangalia mapigo ya moyo, akaomba mkojo, ukatoka rangi ya chai nzito. Alitueleza kwamba umeme unaunguza misuli ndani huku ngozi ikionekana nzima, uchafu wa misuli ile unaziba figo, na moyo unaweza kupoteza mwendo wake baadaye. Alipelekwa hospitali kubwa, akapona. Mimi fundi wa umeme sikuwa naujua umeme ukiwa ndani ya mtu. Nikatamani kujua.

Nilisoma mpaka A1, uuguzi wa ngazi ya chuo. Siku zisizo za staji nilifunga waya kwenye nyumba za watu Kamalondo na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, na hiyo ndiyo ilinilisha. Ufundi wa mkono una faida hiyo, unaufanya saa unayotaka; mwenye kazi ya ofisini hana. Sasa niko zahanati ya kampuni ya mgodi. Mfanyakazi akija na jeraha, swali langu la kwanza ni mashine gani, ilikuwa imezimwa ama inazunguka. Wananiambia ukweli kwa sababu nimevaa ovaroli kama wao.

Ibanda (Bukavu)

Wakubwa zangu, nina lisanse ya uchumi. Nianze A2 ama A1? Na mshahara wa serikali ukoje, unafika?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Mdogo wangu, A2 ni ya ITM (shule ya sekondari ya uuguzi), ni miaka 4 ya sekondari. Wewe una diploma ya Serikali (ya kumaliza sekondari) tayari, kwa hiyo mlango wako ni ISTM au chuo kikuu chenye sayansi ya uuguzi. Kwa mfumo wetu wa zamani gradua ya miaka 3 ilikuwa inatoa A1, na miaka 2 juu yake A0. Sasa LMD, mfumo mpya wa digrii, imepanga upya, basi omba wakueleze kwa karatasi miaka ni mingapi na staji zinaanza lini. Uliza pia kama option (mchepuo) yako ya sekondari inakubaliwa, na kama masomo uliyoyapita kwenye uchumi, mfano takwimu au utafiti, watakusamehe. Halafu zungumza na waliomaliza pale: waulize kama Ordre ya wauguzi, chombo kinachowaandikisha wauguzi, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2016, imewaandikisha bila matatizo. Shule ambayo wahitimu wake wanahangaika kuandikishwa, iache.

Kuhusu mshahara sitakudanganya. Wengi wanafanya kazi miaka bila matrikule (namba ya mtumishi wa serikali), wanaishi kwa prime (posho) ya kituo, na prime inategemea wagonjwa wangapi wamelipa mwezi ule. Wengine wana matrikule na bado mshahara haujafika. Hospitali za makanisa na mashirika zina utaratibu wao, kila moja uliza. Wauguzi wanastahili kulipwa kuliko hivi, na nitalisema hilo mahali popote nitakapoulizwa.

Ukitaka kuona kazi kabla ya kulipa ada, njoo kituoni kwetu asubuhi ya chanjo. Tunahitaji mtu wa kuandika majina na kupima uzito wa watoto, na mtu wa uchumi ataweza daftari lile. Niandikie pembeni nikupe siku.