Huyu mtia maneno wa mieleka achunge mdomo wake, TUMECHOKA!!

Kamba ya Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka. Nimetoka kibanda umiza sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnamjua. Msinitake nimtaje. Yule bwana mkubwa wa kipaza sauti anayetia maneno ya Kiswahili kwenye mieleka, anayetukamua mia tano zetu halafu anaongea utadhani yule mwanamieleka Undertaker alimlea yeye.

Leo kaweka ile mechi ya ubingwa wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, ya Oktoba 2019, Kofi Kingston na Brock Lesnar. Mnaijua. Kengele imelia, Kofi karuka, kadakwa hewani, kazungushwa, chini, mwamuzi kahesabu moja mbili tatu, kwisha kazi. Sekunde kama kumi hivi. Mtu kashika mkanda tangu Aprili, anapokonywa mimi sijamaliza hata kumenya karanga ya kwanza! Lakini hilo lilishaniuma mwaka ule ule, nikalizoea.

Sasa huyu bwana si akarudisha nyuma. Akaiweka tena. Akasogeza kipaza sauti mdomoni, kibanda kizima kinasikia, akasema: "Mweusi mkanda anaazimwa tu, mwenyewe akirudi anauchukua."

ANAAZIMWA.

Na akacheka! Na yeye mwenyewe ni mweusi kama sufuria ya pilau la msibani! Hao wenye kampuni ya WWE kule Connecticut wakimwona tu, watampa mkuki na ngozi ya chui kabla hajataja jina lake.

Kofi kazaliwa Ghana. Kaanza kuonekana kwenye runinga 2008, wakampa lafudhi ya Jamaika eti yeye ni mtu wa Kingston. Miaka kumi na moja anaruka kamba, anagawa chapati za maji kwa mashabiki, anapigwa na kila mgeni, mpaka WrestleMania 35, lile onesho lao kubwa la mwaka, kule New Jersey ndipo kampiga Daniel Bryan. Wanawe wakaingia ulingoni. Mke wangu alinikuta sebuleni nalia akadhani nimefiwa. Halafu leo mtu mzima na ndevu zake aseme KAAZIMWA?

Na akarudisha nyuma tena. Kofi anaruka, anadakwa, yeye anacheka. Watoto wa mbele nao wanacheka, hata hawajui wanacheka nini.

Nataka mia tano yangu.

Mangi Mstaafu

Pole mkuu. Swali dogo tu: alirudisha nyuma mara zote hizo na wewe ukakaa mpaka mwisho?

Kamba ya Tatu

Nilikuwa katikati ya benchi, ningepita wapi?

Mangi Mstaafu

Sawa. Na karanga ukamaliza.

Binti Kisosora

Nyie na Kofi wenu. Kofi angalau alikaa na mkanda miezi sita na alijua anapigana na nani. Bianca Belair, bingwa wa wanawake, je? SummerSlam, onesho lao la kiangazi, ya Agosti 2021, Las Vegas, kaambiwa anacheza na mtu mwingine, akatokea Becky Lynch. Kanyooshewa mkono wa salamu, dada wa watu kaupokea kwa adabu, kumbe ni kiwiko cha uso. Sekunde 26, mkanda umekwenda! Na Aprili mwaka huo huo ndiye aliyefunga usiku wa kwanza wa WrestleMania na Sasha Banks, wanawake wawili weusi, dunia nzima inashangilia. Siku ile humu hakuna aliyefungua uzi. Ingekuwa mwenye ndevu mngeandamana.

Chuma cha Reli

Dada, Bianca aliurudisha kwa Becky huyo huyo WrestleMania iliyofuata. Booker T, mweusi mwenzake, karudishiwa lini?

Seattle, 2003. Wiki baada ya wiki Triple H, yule bingwa wa nyundo, anamwambia mbele ya watu kwamba watu wa aina yake hawawi mabingwa wa dunia, mara anamsema nywele, mara anamkumbusha kwamba aliwahi kufungwa jela. Mtoto wa miaka sita angejua hadithi ile inaishaje, Booker anashinda, yule anafunga mdomo. Basi siku ya siku Booker KAPIGWA. Tena kapigwa, jamaa naye kalala pale chini kwanza, kapumzika, kavuta pumzi, angeletewa na chai, ndipo akatupa mkono mmoja kifuani kwa Booker. Moja mbili tatu. Maana yake aliyetukana alikuwa sahihi!

Mimi tangu siku ile nikiona nyundo kwa fundi navuka barabara.

Mzee Antena

Ninyi watu wazima hamjui kwamba mieleka ni maigizo? Hakuna anayepigwa. Laleni.

Chuma cha Reli

Mzee, ndiyo inavyozidi kuuma. Ingekuwa ndondi ningesema Kofi kazidiwa nguvu. Hii kuna mtu kakaa kwenye kiti, ana kahawa, akaandika "sekunde kumi zinamtosha", wenzake wakapitisha. Na siku ya kwanza ya kipindi chao cha SmackDown kuhamia runinga ya Fox, ili wakubwa wapya wafurahi.

Kamba ya Tatu

Asante Chuma. Hata mechi ya marudiano hakupewa. Sasa turudi kwa huyu bwana na neno lake la ANAAZIMWA

Mwana wa Jinja

Ngojeni kwanza. Nyinyi mnalilia sekunde, sisi Waganda tulie nini? Yule mwanamieleka KAMALA! "Jitu la Uganda." Peku, kinyago, mkuki, tumbo limechorwa mwezi na nyota, anajipiga tumbo hilo kama hana akili. Akimwangusha mtu anamlalia mgongoni, hajui kama wanageuzwa mabega chini, mpaka meneja ampigie kelele. Wakasema eti alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Jamaa wa watu anaitwa James Harris, wa Mississippi, dereva wa lori! Kiingereza chake ni cha kuzaliwa ila hakuruhusiwa kusema neno.

Mimi nilisoma bweni na Watanzania. Jina langu lilikuwa Kamala mpaka kidato cha nne. Nani atanilipa?

Binti Kisosora

😂😂 Kamala wewe.

Mwana wa Jinja

Umeona sasa.

Mangi Mstaafu

Lakini huyo Harris kaonewa kweli. SummerSlam 1992, Wembley, uwanja umejaa, kacheza na Undertaker. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alichotiwa mkononi kilikuwa makombo mbele ya malipo ya mwenzake.

Nyeri Moja

Sasa si angalau Uganda ilipewa mtu. Sisi Kenya hata wa kubandikwa hatuna. Tuletewe wetu pia, tutamkasirikia baadaye.

Kamba ya Tatu

Jamani mada! Kasema MWEUSI ANAAZIMWA, akacheka!

Binti wa Bandarini

Samahani mleta uzi, umesema mia tano? Kibanda gani hicho? Kwetu Mbagala ni elfu moja na feni ni pambo, haijazunguka tangu iletwe.

Mzee Antena

Afadhali nyinyi. Mimi nimelipia kifurushi nione nyumbani kwa heshima yangu. Mvua manyunyu tu, king'amuzi kinaandika hakuna mawimbi. Napiga simu, naambiwa nizime niwashe. Nimezima, nimewasha. Nazima, nawasha. Mechi imekwisha mimi niko nyuma ya runinga na tochi.

Chuma cha Reli

Mzee si ulisema ni maigizo, tulale?

Mzee Antena

Nimelipia.

Binti wa Bandarini

Halafu yale mabenchi ya kibanda cha mleta uzi nayajua, kama ni kile cha karibu na mashine ya kusaga. Benchi la pili lina msumari. Umenichania dera langu jipya, na mwenye kibanda anasema nilikuja nalo limechanika.

Nyeri Moja

Huo msumari naujua!! Nilikuja Dar harusi ya binamu, ukanitoboa suruali ya suti.

Mangi Mstaafu

Fungueni uzi wa msumari, huu umejaa.