Naomba ushauri: Mtwara hadi Ho Chi Minh City, nipitie Doha au Mumbai?

Mwana wa Shangani: Wakuu, heshima zenu. Mwezi ujao natarajia kusafiri kutoka hapa Mtwara hadi Ho Chi Minh City, Vietnam, kuangalia mashine za kubangua korosho, na katika maisha yangu ndege niliyowahi kupanda ni ile ya kwenda Dar es Salaam tu. Kutoka Dar nina njia mbili: Doha au Mumbai. Nimeazima tufe la shule nikanyoosha uzi juu yake, nikaona mstari wa moja kwa moja unakatiza Bahari ya Hindi na kupita kusini kidogo mwa Sri Lanka. Kwa hiyo Mumbai haiko mbali na njia, ilhali kupitia Doha ni kama kutoka Mtwara kwenda Newala kwa kuzungukia Nangurukuru. Ipi ni bora?

Dira: Tufe umelisoma vizuri. Kwa makadirio, mstari ulionyooka kutoka Dar hadi huko ni kilomita 7,700. Kwa kupitia Mumbai ni 8,400, na kwa kupitia Doha ni 9,800. Hata hivyo, abiria hasafiri juu ya uzi. Je, tiketi yako ni moja hadi mwisho wa safari, au ni mbili?

Mzee wa Ndundu: Vijana mnahesabu kilomita za angani! Sisi, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulikuwa tukisubiri kivuko pale Ndundu huku Rufiji ikiwa imefurika, na safari ya Dar ilikuwa ya siku kadhaa. Niliwahi kulala njiani usiku mbili na kuku niliokuwa nikiwapeleka kwa shangazi yangu Temeke, na waliofika hai ni wawili tu.

KoroshoGhafi: Korosho zetu zinapakiwa bandarini Mtwara na kufika Vietnam bila viza wala kubadilisha ndege. Mleta mada ajifunge kwenye gunia.

Mama Mikindani: Mimi nauliza kwa nini twende mbali hivyo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo hapa hapa mjini. Tunauza korosho ghafi, kisha tunawafuata walioibangua ili watuoneshe namna ya kubangua. Jambo hilo linanisikitisha kuliko nauli yenyewe.

Mwana wa Shangani: Dada, SIDO tumeshafika, na tunawaheshimu. Naomba turudi kwenye njia. Kupitia Mumbai kunapunguza kilomita kama 1,400 kuliko Doha.

Dira: Swali langu hujalijibu.

Mwana wa Shangani: Ni mbili. Ya kwanza inaishia Mumbai, na ya pili, ya shirika jingine, inaanzia Mumbai. Zilikuwa nafuu sana, na nimeshazilipia. Nina saa tatu na nusu za kubadilisha ndege, na naamini zinatosha, kwa sababu nitabeba begi la mkononi tu.

Dira: Basi hukuja kuuliza njia, umekuja kutafuta wa kukuunga mkono. Viza ya India unayo?

Mwana wa Shangani: Ya Vietnam ninayo, niliiomba kwa mtandao. India napita tu, sikai.

Dira: Sikiliza, ndugu yangu. Mhudumu wa pale Dar ataiona tiketi inayoishia Mumbai, na kwake wewe ni mtu anayekwenda India. Asipoiona viza anaweza kukuzuia usipande. Hata ukifika, kama shirika la pili halijakupa kadi ya kupandia ndege, huenda ukalazimika kutoka nje kupitia uhamiaji ili uifuate kaunta yao. Isitoshe, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako. Kwa tiketi moja ya kupitia Doha, ukikosa kuunganisha kwa sababu ya ucheleweshaji wao, kukutafutia ndege nyingine ni kazi yao. Hizo kilomita 1,400 za ziada ndizo zinazonunua usalama huo.

Mzee wa Ndundu: Na Dar utafikaje?

Mwana wa Shangani: Kwa basi, Jumatano. Ndege ni Alhamisi ijayo alfajiri.

Mzee wa Ndundu: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika Somanga. Ondoka Jumatatu.

Hakimu wa Mitandao: Wakuu, hii ni chai. Jana alisema anasafiri mwezi ujao, leo amesema Alhamisi. Mtu anayejua kupima dunia kwa uzi hawezi kuacha kuulizia viza kabla ya kulipa. Huyu ametunga hadithi ili atuchoshe.

KoroshoGhafi: Atuwekee picha ya tufe.

Mwana wa Shangani: Alhamisi ni tarehe 2, mwezi ujao ni huo huo. Na nililipa haraka kwa sababu fedha si zangu. Ni michango ya kikundi chetu, watu kumi na wanane, nami ndiye katibu. Nilitaka kuwaonesha kwamba nimeokoa nauli. Tiketi hazirudishiwi fedha. Sijamwambia mtu.

Mama Mikindani: Yaa Rabi. Akina mama wamo?

Mwana wa Shangani: Kumi na mmoja.

Dira: Basi tuache tufe. Viza ya India ya mtandaoni huombwa angalau siku nne kabla. Leo ni Ijumaa, iombe usiku huu. Wakati huohuo, uliza mashirika yote mawili gharama ya kusogeza tarehe. Ikifika Jumanne jioni bila viza, usipande basi.

Mwana wa Shangani: Nimeuliza. Tarehe zinasogezwa kwa kulipia, na mimi sina. Kesho baada ya swala ya alfajiri nitakwenda kwa mwenyekiti, nikamweleze mwenyewe kabla hajaelezwa na uzi huu.