Nimeuziwa mbwa kwenye boksi: laki sita yangu imezikwa chini ya mwembe, Tabora

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira, lugha mtanisamehe. Nipo Tabora mjini, upande wa Ipuli. Watu huuziwa mbuzi kwenye gunia, mimi nimeuziwa mbwa kwenye boksi, tena boksi la maji ya kunywa lililotobolewa kwa bisibisi. Laki sita, na nauli ya basi juu yangu. Mbwa kaishi kwangu siku tano.

Nianze mwanzo. Mwezi wa nne wezi waliingia stoo wakabeba madumu manne ya asali. Nina mbwa koko mmoja, ila huyo analala kuliko mimi. Nikaapa nitanunua German Shepherd wa mbegu, yule mbwa wa polisi kabisa.

Na hapa hapa mjini yupo mzee mmoja mstaafu wa reli anayewafuga. Nikamfuata. Badala ya kunitajia bei, mzee akaanza kunihoji mimi: Kwako kuna uzio? Mchana nani anashinda nyumbani? Utamfunga mnyororo kutwa? Umeshafuga mbwa mkubwa, unajua anakula kiasi gani? Kanionyesha jike lake, kanionyesha na dume lenye miaka saba likiruka ngazi za baraza kama mtoto. Akatoa bahasha kubwa, ndani picha ya eksirei ya nyonga za lile dume, kaitunza kama ya binadamu! Anasema mbegu hii inasumbuliwa na nyonga na ugonjwa unarithiwa, kwa hiyo hapandishi dume ambalo hajalipima. Halafu eti jike analipumzisha, nisubiri mpaka mwakani, na nijenge uzio kwanza.

Nikaona dharau. Hela yangu, halafu nahojiwa kama naomba mkopo benki. Nikamuaga kwa heshima zote, moyoni namtukana.

Usiku huo huo nikaingia mtandaoni nikampata jamaa wa Dar. Jina simtaji, uzi utafutwa. Huyu hakuwa na maswali. "Bosi wangu", "kaka mkubwa", "wamebaki wawili tu bosi". Swali lake pekee lilikuwa kama natuma leo. Akanirushia picha ya mama, jike zuri limelala kwenye vigae vya bluu, pembeni ndoo nyekundu. Watoto wiki nane, chanjo zote, cheti cha Ujerumani kinakuja. Nikamwambia nina shemeji Mbagala, aje amwone mama. Akajibu mama kapelekwa shamba Bagamoyo kupunga upepo.

Mbwa kupunga upepo, wakuu. Na nikatuma hela.

Basi liliingia saa nne usiku. Boksi limeloa mharo, mtoto anatetemeka, mbavu zinahesabika na tumbo limevimba kama ngoma. Mwanangu akampa jina Kamanda. Kesho yake Kamanda hakugusa chakula. Jioni akaanza kutapika povu, kisha mharo wa damu, na ile harufu aliyewahi kuinusa haisahau. Nikamwita daktari wa mifugo. Hakumaliza hata dakika mbili: parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaoharisha damu watoto wa mbwa.

Kisha akamfungua mdomo. Akanionyesha magego ya utotoni hata hayajachomoza sawasawa. Huyu ana wiki tano hivi, akasema, alitakiwa awe bado na mama yake. Kunyonya kidogo kidogo, kufundishwa na wenzake asing'ate ovyo, yote hayo yanamalizikia kwenye wiki ya nane.

Kadi ya chanjo ndiyo kichekesho. Imeandikwa amechanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu. Mtoto wa wiki tano! Hakuna ile karatasi inayobanduliwa kwenye kichupa cha dawa na kubandikwa kwenye kadi, hakuna muhuri wala sahihi inayosomeka. Ni mwandiko wa peni ya bluu tu. Daktari akasema hata chanjo ya parvo ingekuwa ya kweli, dozi moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama huizuia chanjo isishike. Ndiyo maana inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Mimi nilidhani mbwa akichanjwa kachanjwa.

Tulimtundikia dripu siku tatu. Alfajiri ya siku ya tano amekata roho. Nimemzika chini ya mwembe mwenyewe, mtoto analia dirishani.

Nikampigia jamaa. Unajua alichosema? "Umemuua mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe." Sikatai, maziwa ya ng'ombe yanaweza kumharisha mtoto wa mbwa. Ila parvo hukaa mwilini siku tatu hadi saba hivi kabla haijajionyesha, na huyu kaanza kuumwa siku moja baada ya kushuka kwenye basi. Katoka kwake akiwa nayo. Nilipomweleza hivyo akanizuia namba.

Nikakaa kuchimba matangazo yake ya nyuma. Januari: watoto wiki nane, mama huyu hapa. Mei: watoto wiki nane, mama huyu hapa. Agosti tena. Jike ni lile lile, vigae vya bluu, ndoo nyekundu! Jike huingia joto mara mbili hivi kwa mwaka, mimba inabeba siku 63 hivi, bado kunyonyesha. Kazaa lini huyo? Jamaa si mfugaji, ni dalali. Anaokota watoto huku na kule, anawachanganya banda moja, akiumwa mmoja wameumwa wote, na picha ya mama sijui kaitoa wapi.

Na nyie mnaokuja kuandika "laki sita ungenunua ng'ombe", sawa, nimeshaambiwa na mke wangu, foleni ni ndefu.

Juzi nimerudi kwa yule mzee. Shikamoo yangu ilikuwa nzito siku hiyo. Hakunicheka. Kaniambia sakafu niimwagie jiki iliyochanganywa na maji, jiki moja kwa maji thelathini, lakini udongo hautakatiki hivyo, kirusi kinaweza kukaa hata mwaka. Kwa hiyo nisilete mtoto mwingine mapema, na akija awe amemaliza chanjo zote. Koko wangu naye kachanjwa, mara ya kwanza katika maisha yake, kamng'ata daktari kidole.

Jamaa wa Dar jana kaweka tangazo jipya. Wamebaki wawili tu.

Mwenye kujua seng'enge ya uzio inauzwaje hapa Tabora kwa sasa, na fundi asiyekula hela ya nguzo, anijuze. Mzee kasema atakuja kukagua.