Jumamosi ya Madrid: nani anaongea nini?

Da Rehema, 18:02
Jamani, Jumamosi tunakaa na vijana wa timu kuangalia msimu wa Real Madrid 2023/24. Mada ni moja tu: wachezaji wakiumia, timu inajipangaje? Nataka watu watatu wa kuongea. Majina kabla ya saa mbili usiku.

Da Rehema, 18:47
Naona tiki za buluu tu. Juma? Kibwana? Mama Sada?

Juma, 18:55
Nipo dada. Nachukua majeruhi. Kipa Courtois alikatika kano ya goti mazoezini 10/8/2023. Siku mbili baadaye beki Militão, mechi ya kwanza ya ligi, kule Bilbao. 17/12 beki Alaba dhidi ya Villarreal. Jeraha lile lile kwa wote watatu!

Kibwana, 18:58
Na ligini wakafungwa mechi moja tu, 3-1 na Atlético. Pointi 95, wameruhusu mabao 26. Watu wa Barca humu mko salama? 😂😂

Baba Sada, 18:59
Na sisi Gavi goti lilikatika Novemba, mbona hilo hulisemi

Kibwana, 18:59
Pole shemeji 😂 Nafasi ya pili nayo ni nafasi

Da Rehema, 19:01
Kibwana!! Utani baadaye. Walizibaje mapengo?

Kibwana, 19:09
Haya. Golini walimleta Kepa kwa mkopo kutoka Chelsea, lakini Lunin, kipa wa akiba, akaichukua namba. Matuta ya Ligi ya Mabingwa pale Etihad, kwa Man City, Bernardo Silva wa City alipiga katikati, Lunin akasimama palepale akaudaka. Kisha akapangua ya Kovačić, naye wa City.
Beki ya kati ndiyo somo lenyewe. Januari hawakununua mtu. Rüdiger na Nacho wakabeba, Tchouaméni akashushwa kutoka kiungo, hata Carvajal ilibidi acheze katikati. Ukimshusha kiungo mkabaji unapata pasi nzuri ya kwanza kutoka nyuma. Tatizo lake, amezoea kuufuata mpira. Akitoka kuufuata, straika anaingia mgongoni kwake. Kwa hiyo beki mwenzake asinyamaze: "Kaa! Rudi! Mtu nyuma!" Hilo vijana wetu hawafanyi kabisa.

Mama Sada, 19:31
Msimsahau straika Benzema, alishaondoka kabla msimu haujaanza. Kocha Ancelotti akawaweka Vinícius na Rodrygo mbele, Bellingham nyuma yao akiingia boksi kwa kuchelewa. Mabao 19 ya ligi kwa kiungo.
Halafu projekta inatoka kwa nani mara hii? Yaliyotokea mwaka jana mnayajua.

Juma, 19:33
Mama Sada, yale si tuliyamaliza?

Mama Sada, 19:33
Mliyamaliza nyinyi. Aliyetoa hela hajarudishiwa mpaka leo.

Da Rehema, 19:35
Tafadhali, hilo tuongee pembeni.

Babu, 19:52
Nimesoma yote. Mnazungumza kuziba pengo, na hao watoto magoti yao anayaangalia nani? Mtoto akisikia goti limelia "tak" na likavimba ndani ya saa chache, hachezi tena. Asikandwe, asivutwe mguu. Apelekwe hospitali. Mechi iliyopita mmoja alirudishwa uwanjani anachechemea, na watu wazima mkapiga makofi. Sikupenda.

Juma, 20:04
Shikamoo Babu. Tumekuelewa.

Kibwana, 20:05
Kweli Babu.

Juma, 20:12
Basi mimi naanza na hapo. Courtois alikuwa karibu kurudi Machi, goti la pili nalo likaumia. Akasubiri hadi 4/5 dhidi ya Cádiz, siku waliyotwaa ubingwa. Tarehe 1/6, fainali ya Ligi ya Mabingwa Wembley, ndiye aliyekaa golini, wakaifunga Dortmund 2-0. Hakuna aliyemharakisha.

Da Rehema, 20:15
Na nani atawaonyesha vijana kupasha misuli? Ile 11+ ya FIFA, dakika 20: kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu na kusimama mguu mmoja, kisha mbio kali. Angalau mara mbili kwa wiki. Wakitua kutoka kuruka, magoti yakunjwe, yasiingie ndani. Na lile la paja la nyuma: unapiga magoti, mwenzako anashika vifundo vya miguu yako, unashuka mbele polepole. Mwanzo mara tatu hadi tano zinatosha, ukizidisha kesho hutembei.

Da Rehema, 20:41
Jamani? Nani?

Baba Sada, 22:18
Ndio naona sasa. Mazoezi naweza nikitoka kazini mapema, nitathibitisha Ijumaa. Ya projekta simo.