Re: Mbwa wa mgeni kaugua kwa fleti Nyali, niko mbali nifanyeje?

Salaam dada, meseji yako naiona sai ndo natoka shifti. Umesema mbwa wa huyo mgeni aliyekodi fleti yako anahema ulimi nje, hataki kusimama, na ni hawa wa pua bapa. Basi hilo ni joto. Mbwa hatoki jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema, na hewa ya Mombasa ikishajaa unyevu hata ahemeje hapoi. Awekwe ndani kwenye AC, alowanishwe maji ya mfereji ya kawaida, feni impige, halafu apelekwe kwa daktari wa mifugo hata akionekana kapata nafuu. Tuktuk wengi watamkataa, tafuta teksi unayoijua na muelewane mapema pesa ya kuosha siti.

Dawa usimtajie mgeni hata akikubembeleza kwa wasapu, mwenye kuamua ni mwenye mbwa. Panadol hasa msimpe (na paka ndo kabisa, kidonge kimoja chaweza kumuua). Bili alipe mwenyewe moja kwa moja kwa kliniki, isipitie kwako wala kwa keateka, hapo ndo fitina huanza.

Ingekuwa kakataa chakula, ana homa, ufizi umekuwa mweupe, mkojo rangi ya chai ya rangi, ningeshuku ugonjwa wa kupe. Na mtoto wa mbwa akitapika na kuharisha damu huenda ni pavo, virusi vyake hukaa ndani ya nyumba miezi na sabuni pekee haiviui. Toa uchafu kwanza kwa sabuni kisha Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), kikombe kimoja kwa ishirini vya maji, iache dakika 10 ndo upige deki.

Sasa kuna jambo watu hawalitaji humu. Yule mama anayekufanyia usafi ni Mwislamu, na kwetu Washafi (Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi) mate ya mbwa ni najisi, kuosha ni mara saba na moja iwe na udongo, sasa wewe uko huko unampigia simu "hebu mbebe huyo mbwa", ushamtia kwenye shida na hatakwambia maana anaogopa kibarua. Muulize KABLA hujaandika kwa tangazo kwamba wanyama wanaruhusiwa. Mama anayenifanyia usafi mimi alisema kufagia atafagia, ila shuka zilizolambwa hagusi, tukamtafuta kijana mwengine wa hiyo kazi, analipwa yake. Mimi naona ni haki yake kabisa.

Na wasimshike shike ovyo, mbwa mgonjwa huuma hata mwenye kumfuga. Akimng'ata soja wa getini, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo wakamwangalie mambo ya kichaa cha mbwa, hata mgeni akionyesha kadi ya chanjo.

---

Shukran sana kaka. Kawekewa dripu, wanasema atalala huko. Sasa mgeni ati nimrudishie pesa za usiku wa leo kwa sababu hatalala fleti, atakaa na mbwa wake.

---

Haa! Vitu vyake si bado viko ndani? Usirudishe. Mwambie tu akitaka kutoka kesho saa nane badala ya saa nne asubuhi humtozi, kama huna mtu anayeingia.